Baiskeli Haijaondoka Busia, Barabara Ndiyo Imeisahau

Nakala ya mazungumzo yaliyotayarishwa na kitengo cha mawasiliano cha kaunti kwa kikao cha wakazi kuhusu barabara na uchukuzi



Kwingineko mtu akisimama kuhimiza watu wapande baiskeli, husema kama anayeleta kitu kigeni. Busia hawezi kusema hivyo. Neno boda boda, linalotamkwa leo Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, lilizaliwa hapa mpakani, na lilizaliwa juu ya baiskeli. Katika miaka ya 1960 na 1970, msafiri aliyeshuka basi upande wa Kenya alibaki na mwendo wa karibu kilomita moja kabla ya kufika kituo cha Uganda. Gari lisilo na vibali halikuweza kupita katikati hapo. Vijana wakaona riziki. Wakafunga mto juu ya karia, wakasimama karibu na kituo wakiita abiria: boda, boda. Kutoka boda hii hadi boda ile. Hakuna aliyewafundisha, hakuna mradi uliowafadhili.

Kisha zikaja pikipiki. Mwishoni mwa muongo wa 2000, serikali ilipoondoa kodi kwa pikipiki ndogo, bei ilishuka na kijana aliyekuwa akikanyaga pedali akahamia kwenye injini. Pikipiki ikachukua abiria, ikachukua na jina. Baiskeli ikabaki na mizigo.

Lakini ilibaki. Anayetaka kuiona aamke saa kumi na mbili asubuhi akasimame kando ya barabara yoyote inayoingia Busia mjini, au Malaba, Bumala, Nambale, Funyula. Atamwona mwashi amefunga karai na sepeto nyuma. Atamwona mtu mwenye jerikeni nne za maji, mbili kila upande, akisukuma mlimani na kupanda kwenye mteremko. Mkaa unapita, mihogo inapita, ndizi zinapita, na kutoka Port Victoria na Sio Port, samaki wanapita wakiwa kwenye kikapu kilichofunikwa majani mabichi. Mwanafunzi wa sekondari amembeba mdogo wake. Mlinzi wa usiku anarudi nyumbani. Nyingi ni zile Black Mamba nzito za chuma, nyingine zikiwa za babu, zimebadilishwa kila kitu isipokuwa fremu.

Na pale mpakani penyewe kuna baiskeli ambazo mgeni huzishangaa: za magurudumu matatu, zinazoendeshwa kwa mikono na watu wenye ulemavu wa miguu. Wamezifanya magari ya mizigo. Mfanyabiashara anayetaka bidhaa zake zivuke anawatafuta wao, na wengi wao wamesomesha watoto kwa kazi hiyo. Chombo kilichotengenezwa ili mtu aweze kutoka nyumbani kimegeuka kuwa ajira. Barabara inapojengwa upya na ukingo wa saruji ukawekwa juu bila mteremko wa kupitia, hao ndio wa kwanza kukwama, na mara nyingi ndio wa mwisho kuulizwa.

Kwa hiyo wanaotetea baiskeli katika kaunti hii hawafanani na wale wa kwenye picha za matangazo, waliovaa kofia ngumu na nguo za kubana. Ni fundi aliye chini ya mwembe na pampu yake, mfuko wa spoki na beseni la maji la kutafutia pancha. Ni mwalimu anayejua kwamba mtoto anayetoka mbali atachelewa kipindi cha kwanza mwaka mzima. Ni mhudumu wa afya ya jamii anayezunguka boma kwa boma. Hawa hawaombi watu waanze kupenda baiskeli. Wanaomba mahali pa kuipitisha.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Kaunti hii iko kwenye njia ya malori. Mizigo kutoka bandari ya Mombasa kwenda Uganda, Rwanda na Kongo hupitia Malaba na Busia, na foleni ya matrela karibu na mpaka kila mkazi anaijua. Trela linapokuwa limesimama, limeziba kando ya barabara ambako baiskeli ingepita, na mwendeshaji analazimika kuingia katikati ya lami. Linapokuwa kwenye mwendo, hatari ni nyingine. Trela likipita kwa kasi husukuma hewa kwanza, kisha huivuta. Baiskeli yenye mzigo huyumba kuelekea mtaroni, na sekunde inayofuata huvutwa kuelekea magurudumu ya nyuma. Mwendeshaji hana kioo cha kutazama nyuma, ana masikio tu. Akisikia mngurumo, hushuka kwenye lami hadi kwenye udongo, na pale ambapo ukingo wa lami umemeguka, kushuka huko ni kama kuruka ngazi akiwa amebeba gunia.

Takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, zinaonyesha kwamba kila mwaka tangu 2021 zaidi ya watu 4,000 wamekufa kwenye barabara za Kenya, na kundi kubwa kuliko yote ni la watu wanaotembea kwa miguu. Waendesha baiskeli ni wachache katika hesabu hiyo, na kuna wanaoutumia uchache huo kusema hakuna tatizo. Kusema hivyo ni kosa. Wanaotembea na wanaoendesha baiskeli hutumia upenyo ule ule mwembamba kati ya lami na mtaro, na kinachomuua mmoja ndicho kinachomuua mwingine: kasi. Mtu anayegongwa na gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa ana nafasi kubwa ya kupona. Kwenye kilomita 80, karibu hana. Sheria ya trafiki ya Kenya inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa ndani ya miji na vituo vya biashara. Anayesimama Bumala jioni anaweza kujionea mwenyewe ni madereva wangapi wanaoikumbuka.

Ndiyo sababu kampeni ya kuwaambia tu watu wapande baiskeli haitoshi, na pengine haifai. Tarehe 3 Juni ni Siku ya Baiskeli Duniani, iliyotangazwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2018. Ni siku nzuri kwa msafara na fulana. Lakini kumhimiza mtoto aende shule kwa baiskeli kwenye barabara isiyo na nafasi yake ni kumtuma hatarini, hata kama anayemtuma ana nia njema.

Nairobi wapo waliolielewa hili mapema. Kundi la Critical Mass hukutanisha waendesha baiskeli kila mwisho wa mwezi, wakapita pamoja katikati ya jiji, mkurugenzi wa kampuni bega kwa bega na muuza mkate. Ujumbe wao ni wa macho: magari yakiona baiskeli mia kadhaa kwa pamoja, hayawezi kudai kwamba hazipo. Mwaka 2015, Kaunti ya Jiji la Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini, ambayo ndani yake iliahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa ajili ya wanaotembea na wanaoendesha baiskeli. Ahadi hiyo ni kubwa, na wanaharakati wameishikilia kama risiti. Kila barabara mpya inapozinduliwa, huuliza: iko wapi ile ishirini?

Njia kadhaa zilijengwa. Zikavamiwa. Zingine zikawa maegesho, zingine zikajaa vibanda, na zilizobaki zikawa njia ya mkato ya pikipiki wakati wa msongamano. Hili si la kuwacheka Wananairobi, maana miji yetu nayo ina mambo hayo hayo: saruji haijakauka sawasawa, mwenye duka ametoa viti na mitungi ya gesi nje, na mwenye baiskeli amerudishwa barabarani. Njia ya baiskeli isiyolindwa ni sehemu nyingine ya kuegesha tu.

Kila kikao cha aina hii huwa na mzee mmoja anayesema, kwa haki yake, kwamba baiskeli kupewa njia ni mambo ya Wazungu, kwamba Waholanzi wamezaliwa hivyo na sisi tuna yetu. Ni vyema kulijibu hilo kwa historia. Uholanzi ya miaka ya 1960 ilikuwa ikibomoa mitaa ya zamani ili magari yapate kupita. Baiskeli zilikuwa zikipungua kila mwaka. Mwaka 1971 pekee, barabara za nchi hiyo ndogo ziliua zaidi ya watu 3,000, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Mwandishi wa habari Vic Langenhoff, aliyefiwa na binti yake katika ajali, aliandika makala gazetini mwaka 1972 chini ya kichwa kilichomaanisha: komesheni mauaji ya watoto. Wazazi wakalichukua jina hilo wakaunda chama. Walifunga barabara, wakaweka meza katikati, watoto wakacheza juu ya lami. Walikwenda bungeni. Mwaka uliofuata mafuta yakapanda bei dunia nzima, na serikali ikaona kwamba wale wazazi wasumbufu walikuwa na hoja ya kiuchumi pia. Njia wanazozionea fahari leo zilitokana na msukumo huo na miaka mingi ya kazi baada yake. Walizidai.

Hoja ya kiuchumi na hapa ipo, na haihitaji profesa. Mkazi anayelipa pikipiki shilingi 50 asubuhi na shilingi 50 jioni, kwa siku 26 za kazi, ametoa shilingi 2,600 kwa mwezi. Kwa mwaka ni zaidi ya shilingi 31,000. Kwa kibarua au mfanyakazi wa dukani, hiyo ni karo ya mtoto. Baiskeli nayo ina gharama zake, tairi na cheni na breki, lakini pesa hizo hubaki kwa fundi wa kijijini badala ya kuishia kwenye tangi. Wenzetu wa pikipiki wasisikie kana kwamba wanafukuzwa. Mgonjwa usiku wa manane hatapakiwa kwenye Black Mamba, na mama anayetoka sokoni na mizigo mitatu atamwita mwenye pikipiki. Suala ni yule anayelipa kila siku kwa safari ya kilomita tatu kwa sababu tu anaogopa kuifanya kwa baiskeli aliyonayo nyumbani.

Hata kwa wagonjwa, lakini, majirani wana la kutuonyesha. Jinja, safari ya saa chache kutoka mpakani, kuna shirika linaloitwa FABIO, ambalo kwa miaka mingi limetetea baiskeli nchini Uganda. Kati ya kazi zake ni gari la wagonjwa la baiskeli: kitanda chenye magurudumu mawili na paa la turubai, kinachovutwa nyuma ya baiskeli ya kawaida. Kimetengenezwa kwa ajili ya vijiji ambako gari halifiki na mgonjwa hawezi kuketi kwenye pikipiki, hasa mama mjamzito. Si mbadala wa ambulansi yenye ving'ora. Ni cha kumtoa mtu nyumbani hadi kwenye barabara ambako ambulansi inaweza kumkuta.

Sasa kuhusu wasichana, maana hapo ndipo baiskeli imepimwa vizuri zaidi. Mwaka 2006, serikali ya jimbo la Bihar nchini India ilianza kuwapa wasichana wanaoingia darasa la tisa pesa za kununua baiskeli. Watafiti waliofuatilia walikuta kwamba idadi ya wasichana wa umri huo walioandikishwa sekondari iliongezeka kwa takriban asilimia 30, na ongezeko kubwa lilikuwa katika vijiji vilivyo zaidi ya kilomita tatu kutoka shuleni. Bihar ni jimbo maskini, lenye barabara mbovu na wazee wenye misimamo mikali kuhusu msichana kuonekana barabarani. Miaka baadaye, huko Zambia, wasichana wa vijijini walipewa baiskeli ngumu za aina ya Buffalo kutoka shirika la World Bicycle Relief, na uchunguzi ukaonyesha muda wao wa kwenda shule ulipungua kwa takriban thuluthi moja, na siku za kukosa masomo zilipungua kwa zaidi ya robo. Baiskeli hizo hizo huunganishwa pia Kisumu, si mbali na hapa.

Wasichana wa Zambia walisema jambo jingine ambalo kila mama katika kikao hiki atalielewa bila kuelezwa: njiani walisumbuliwa kidogo. Anayepita haraka hasimamishwi na kila mwenye pikipiki anayetaka kumpa lifti. Na bado yako maboma hapa kwetu ambako baiskeli ikinunuliwa, ni ya kijana wa kiume, na dada yake anatembea. Huambiwa kwamba si adabu, kwamba sketi itapanda, kwamba lile bomba la juu si la mwanamke. Fremu zisizo na bomba la juu zimekuwepo tangu zamani. Kinachosemwa kuwa adabu hapo ni uamuzi wa nani apate muda wa kusoma.

Ni nini basi kinachoweza kufanywa, na ni nani wa kukifanya? Wengi hulalamika kwa ofisi isiyohusika, kisha hukata tamaa. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, utaratibu wa magari na maegesho, na uchukuzi wa umma. Barabara kuu zinazobeba matrela ziko chini ya serikali ya kitaifa kupitia mamlaka ya barabara kuu, KeNHA; barabara za kitaifa za mijini ni za KURA na za vijijini ni za KeRRA. Kwa hiyo mkazi anayetaka nafasi ya baiskeli kando ya barabara ya Malaba anapaswa kuiandikia KeNHA, nakala kwa kaunti. Anayetaka taa kati ya soko na shule, au maegesho ya matrela yaondolewe mbele ya kituo cha afya mjini, hapo kaunti haina pa kujificha.

Kwenye barabara za kaunti, ambazo nyingi ni za murram, mahitaji ni ya bei nafuu kuliko watu wanavyodhani. Mwenye baiskeli anataka mtaro unaotoa maji ili barabara isigeuke mfereji, kalvati lisilo na ukingo uliobomoka, na kivuko cha kijito pale ambapo njia ya mkato huokoa kilomita mbili. Daraja la miguu lenye upana wa kupitisha baiskeli yenye mzigo halihitaji mkandarasi kutoka Nairobi. Kwenye lami, mita moja na nusu kila upande hutosha baiskeli moja yenye mzigo. Yale magurudumu matatu ya mpakani yanataka zaidi kidogo. Barabara ikishajengwa bila nafasi hiyo, itakaa hivyo miaka 20. Wakati wa kusema ni kabla ya mchoro kupitishwa.

Na wakati huo una tarehe. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Mkakati wa fedha hufikishwa kufikia tarehe 28 Februari. Makadirio ya bajeti, tarehe 30 Aprili. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na mkazi anayekuja kuomba njia ya baiskeli mwezi huo wa Julai amekuta chungu kimeshaepuliwa. Vikao vya ushirikishaji wa umma hutangazwa kabla ya hatua hizo, na sheria inataka maoni ya mwananchi yapokelewe, ya mdomo au ya maandishi.

Maoni yanayobebeka ni yale yenye hesabu. Kundi la waendesha baiskeli wakikaa mahali pamoja kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, siku tatu mfululizo, wakahesabu baiskeli zinazopita, ngapi zimebeba mtoto, ngapi zimebeba mzigo, ngapi zinaendeshwa na wanawake, wana karatasi ambayo mhandisi hawezi kuipuuza kirahisi. Waandike jina la barabara, kuanzia wapi hadi wapi, na mahali ambapo watu wamegongwa. Mafundi wanaweza kusaidia sana hapo, kwa sababu baiskeli iliyogongwa huletwa kwao, na wao hukumbuka ilitokea wapi.

Kwa upande wa waendeshaji wenyewe, yapo machache wanayoyaweza kesho asubuhi bila kusubiri bajeti. Reflekta nyekundu nyuma na taa mbele, hata tochi iliyofungwa kwa mpira wa tyubu. Breki zinazoshika, zote mbili. Mzigo usizidi upana wa usukani kupita kiasi, na usimzuie mtu kugeuza shingo. Kutopanda upande unaokabili magari, desturi ambayo wengi huiona salama na ambayo humkuta dereva anayeingia kutoka barabara ya pembeni akiangalia upande mwingine.

Ofisi ya wadi hupokea barua za maoni siku zote za kazi. Asiyejua kuandika amwombe mwalimu, mtoto wa sekondari au karani wa wadi amwandikie, kisha atie kidole gumba. Barua ikifika, iombewe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na nakala ibaki na mwenyewe hadi siku ya kikao cha bajeti.